Kiingereza kidogo kila siku, maharagi yakiwa jikoni



Juma hili tuongee juu ya kitu ambacho wengi wetu tulikiacha kwenye benchi la masomo: Kiingereza. Najua mtasema, "Mimi, na umri huu?" Hata mimi nilisema hivyo, mpaka siku niliyofika Kampala kununua vitenge. Muuzaji alitaja bei, nikasikia "fifteen thousand", yaani elfu kumi na tano kwa pisi. Nikafurahi rohoni, nikachagua pisi 40. Wakati wa kulipa ndipo nikajua kwamba alisema "fifty thousand", elfu hamsini. Hakunidanganya, sikio langu ndilo lilinidanganya. Nilirudisha pisi moja moja mezani mbele ya watu, nikarudi nyumbani na 12 tu. Na feza ile ilikuwa ya likelemba. Likelemba haina masikio ya kusikiliza hadithi.

Sisi tunaovuka Kasindi kwenda Mpondwe tunajidanganya kidogo. Tunasema Kinande, na ndugu zetu Bakonzo wa ng'ambo ya Lubiriha wanatuelewa vizuri. Kwa mdomo hatupotei. Lakini karatasi haisemi Kinande. Nchini Uganda Kiingereza ni lugha ya serikali: risiti, vibao, karatasi za forodha, maandishi ya kartoni, vyote ni Kiingereza. Tena tangu Julai 2022 Kongo yetu ni mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kiswahili chetu kinatusaidia sana huko, lakini karatasi nyingi za biashara bado zinaandikwa kwa Kiingereza. Mara nyingi chini ya risiti kuna maneno madogo: "Goods once sold are not returnable." Maana yake: kitu kikisha kuuzwa hakirudishwi. Mama asiyeyasoma atayajua siku ya kurudisha mali iliyoharibika.

Na si soko tu. Angalia chupa ya siro ya mtoto. Dawa nyingi za farmasi zetu zina maandishi ya Kiingereza. "Teaspoon" ni kijiko kidogo cha chai, mililita 5. "Tablespoon" ni kijiko kikubwa, mililita 15. Maneno yanafanana, lakini mtoto akipewa kikubwa pahali pa kidogo, amekunywa dawa mara tatu. "Shake well" ni kutikisa chupa vizuri kwanza. "Expiry date" ni siku ambayo dawa inakwisha nguvu. Muuguzi tutamuuliza daima, lakini saa nane ya usiku mama yuko peke yake na taa ya simu.

Basi, tutajifunza saa ngapi? Jibu langu: usitafute saa mpya, hutaipata. Shika kazi unayoifanya kila siku, uitie Kiingereza ndani. Mimi nilichagua wakati wa maharagi. Nikisha kuyaweka juu ya makala, ninachukua kaye na kuandika maneno matatu tu: jinsi yanavyoandikwa, jinsi yanavyosikika (kwa mfano, "knife" inasikika "naifu"), na maana yake. Maharagi yanapoiva, nimeyasema kwa sauti mara nyingi, na wakwe zangu wamezoea kunicheka.

Anza na vitu vya mikono yako. Unapanga tomati kwa mafungu? Hesabu kwa Kiingereza. Hapo utajifunza kutenganisha zile namba zilizoniumiza. Katika "fifteen" mwisho unavutwa, na unasikia n. Katika "fifty" nguvu iko mwanzoni, na mwisho ni mfupi. Ni vilevile kwa "thirteen" na "thirty", "sixteen" na "sixty". Ukiwa na shaka, usione haya. Mpe muuzaji biki na karatasi, umwambie: "Write it down, please." Andika, tafazali. Sentensi hiyo ingalikomboa vitenge vyangu.

Mwalimu pia tunaye nyumbani. Watoto wetu wa sekondari wanafundishwa Kiingereza, na wengine waliokimbilia Uganda wakati wa vita wamerudi wakikisema kama maji. Mwombe mtoto akuulize maneno yako matatu mukiwa munachambua sombe. Mtoto anayemfundisha mama yake anasoma zaidi, maana hataki kushindwa mbele yake. Na mama anayekubali kukosea mbele ya mtoto anamfundisha kwamba kukosea si aibu.

Kwa vikundi, hiki ndicho tunachofanya katika AVEC yetu. Kabla ya kufungua sanduku, kila mama analeta neno moja alilolikuta juu ya kitu alichonunua: sabuni, mafuta, betri, biskuti. Anatoa neno, anatoa maana. Asiye na neno halipi faini, ila anaimba. Tuna mama mmoja ambaye alikuwa anasahau kwa makusudi kwa sababu anapenda kuimba. Sasa tunamwomba aimbe hesabu mpaka 100, na sisi tunaitikia. Wamama ishirini, maneno ishirini kila juma, bila kulipa mwalimu.

Siku moja ikipotea kwa ugonjwa, matanga au mvua, usihesabu hasara. Kesho yake anza tena na maneno matatu, si sita. Mzigo wa deni ndio unafanya watu waache.

Mwezi uliopita nilirudi Kampala. Muuzaji akataja bei. Nikatoa biki yangu. Akaandika, nikasoma, nikapunguza bei, tukacheka wote wawili. Nilirudi na pisi zote nilizozihesabia feza.

Leo jioni maharagi yako yatachukua muda wake. Kaye yako iko wapi?