Kiota cha Kasa ni Amana ya Kijiji

Mgaagaa na upwa hali wali mkavu, walisema wazee wetu. Lakini vipo vitu vya upwani ambavyo tukivichukua leo, wajukuu wetu ndio watakaoula wali huo mkavu. Kimojawapo ni mayai ya kasa.

Ufuko wa Kanga, kaskazini mwa kisiwa chetu cha Mafia, ni miongoni mwa mahali ambapo kasa hupanda kutaga. Jike hutoka majini usiku, hujikokota hadi juu ya mpaka wa maji ya bamvua, hufukua shimo kwa miguu ya nyuma, hutaga mayai yapatayo 100 au zaidi, huyafukia, kisha hurejea baharini. Hayarudii tena. Kwa muda wa miezi miwili hivi mayai hayo hulelewa na mchanga na jua; hata jinsia huamuliwa na joto: mchanga ukiwa na joto jingi huanguliwa majike, ukipoa huanguliwa madume.

Jike huyo alikua kwa miaka 20 au zaidi kabla ya kutaga. Amwuaye ufukweni huangamiza kazi ya miaka hiyo yote kwa kitoweo cha siku moja. Na kitoweo chenyewe chaweza kuwa sumu: mwezi Machi 2024, katika Kisiwa cha Panza, Pemba, watu 9 walifariki baada ya kula nyama ya kasa, na 8 kati yao walikuwa watoto.

Sheria ya nchi inamlinda kasa, lakini sheria haikeshi ufukweni. Anayekesha ni mwananchi. Mpango ulioanzishwa Mafia mwaka 2001, ambao baadaye ulijulikana kama Sea Sense, ulilitambua jambo hilo: mwanakijiji aliyetoa taarifa ya kiota alilipwa, na mayai yalipoanguliwa salama aliongezewa. Hivyo kiota kilicholindwa kikawa na faida kuliko kiota kilichofukuliwa.

Kwa hiyo twawaomba viongozi wetu mambo mawili. Kwanza, mlinzi wa kijiji asisahauliwe katika bajeti. Pili, asipewe mtu kibali cha kuchota mchanga wala kuwasha taa kali mahali pa viota, kwani vifaranga hutoka usiku wakifuata mwanga wa bahari, na taa za nchi kavu huwapoteza.

Nasi wananchi, tukiona nyayo za kasa mchangani, tutoe taarifa kijijini. Amana hairejeshwi ikiwa imekwisha kuliwa.