Takataka Mbele ya Rejeta: Sababu Moja ya Motokaa Kuchemka

Kila msafiri apandaye kutoka Mai Mahiu kwenda Limuru, kwa njia ile iliyojengwa na mateka wa Kiitalia katika miaka ya 1940, huona magari yaliyosimama kando, boneti zimeinuliwa, mvuke unafuka, na wenyewe wamekaa juu ya mawe wakingoja. Ukiwauliza kisa, wengi hujibu kwamba injini imezeeka au kwamba maji yamepungua. Huenda ikawa kweli. Lakini mara nyingi asili ya taabu hiyo ni kitu duni kabisa: mbegu za nyasi, mbawa za kumbikumbi na vumbi, vilivyogandamana katika matundu ya rejeta.

Yafaa kwanza ijulikane kazi ya rejeta. Mafuta yanapoungua ndani ya injini, ni sehemu ndogo tu ya nguvu yake igeukayo kuwa mwendo. Yapata theluthi moja huwa joto ambalo hapana budi lichukuliwe na maji. Maji hayo huzunguka silinda, kisha huingia katika rejeta, ambayo ni mirija mingi iliyounganishwa kwa vibati vyembamba kama karatasi. Upepo upitao kati ya vibati hivyo ndio uondoao joto. Basi rejeta haipozi kwa maji peke yake, bali kwa maji na upepo. Na upepo ukizibiwa njia, hata maji yakijaa mpaka kifunikoni hayafai kitu.

Katika mwinuko jambo hili huzidi. Injini hufanya kazi kubwa, gari huenda polepole, na hewa ya nchi za juu ni nyepesi kuliko ya pwani. Tena maji yaliyo wazi huchemka Mombasa kwa digrii 100 za Sentigredi, lakini Nairobi, iliyo yapata meta 1,700 juu ya bahari, huchemka kwa karibu digrii 94 tu. Kifuniko cha rejeta chenye springi huyabana maji yasichemke upesi, na ndiyo sababu kifuniko kilicholegea ni hatari kama rejeta iliyoziba.

Motokaa nyingi za siku hizi zina kiyoyozi, nacho kimeongeza shida ambayo madereva wa zamani hawakuijua. Kiyoyozi huchukua joto lililo ndani ya gari na kulitupa nje kwa njia ya kondensa, chombo kinachofanana na rejeta na kilichofungwa mbele yake, mara nyingi kwa nafasi isiyotosha kupitisha kidole. Gesi iliyobanwa na kompresa huingia humo ikiwa ya moto, hupozwa na upepo, ikageuka kuwa maji. Kwa hiyo upepo ufikao kwenye rejeta umekwisha kupata joto la kondensa. Jambo baya zaidi ni hili: takataka ndogo hupenya kondensa, zikanaswa katika ile nafasi ya katikati, mahali ambapo macho hayafiki.

Nalimwona mtu mmoja aliyekuwa akichukua nyanya kwa pikapu kutoka Loitokitok kuzipeleka Nairobi. Alikuwa mtu safi, kila Jumamosi huosha gari lake, na ukichungulia mbele uliona vibati vinang'aa. Hata hivyo gari lilichemka mara mbili kabla ya kufika Emali, naye kila mara akaongeza maji, akaendelea. Fundi alipoilegeza rejeta na kuivuta nyuma, alikuta katikati utando wa nyasi na vumbi uliobandukika kama kipande cha blanketi. Kuuondoa kulichukua muda usiozidi saa moja. Lakini gasketi ya kichwa cha injini ilikuwa imekwisha kuungua, kichwa chenyewe kimepinda, na nyanya zimekaa juani siku mbili. Fedha alizokuwa ameweka kwa karo ya watoto zilikwenda kwa fundi.

Kuna dalili za kutambua mapema. Ikiwa mshale wa joto hupanda gari linaposimama katika msongamano, na kushuka likishika mwendo, yafaa kwanza kutazama feni. Ikiwa hupanda katika mwendo wa kasi au penye mlima, ingawa feni ni nzima na maji yamejaa, shuku kwamba rejeta imeziba. Na kiyoyozi kitoacho baridi gari likienda, kisha kikatoa hewa vuguvugu likisimama, huenda kinalalamika kwa ajili ya kondensa.

Kabla ya kusafisha, zima injini uiache ipoe kabisa, yapata saa moja au zaidi. Usifungue kifuniko cha rejeta kikiwa cha moto, kwa maana maji hurushwa usoni na kumchoma mtu vibaya. Wala usimwagie maji baridi chuma chenye moto, kisije kikapasuka. Katika magari yenye feni ya umeme, ondoa waya mmoja wa betri, kwa kuwa feni hizo zaweza kuanza zenyewe hata injini ikiwa imezimwa. Vidole vimekatwa hivyo.

Kisha ondoa kifuniko cha plastiki kilicho juu ya rejeta na utie mwanga wa tochi katika nafasi ya katikati. Majani na maua makubwa uyatoe kwa mkono (wakaao chini ya mijakaranda ya Nairobi hawatakosa kazi mwezi wa Oktoba), na vumbi ulisugue kwa brashi laini, ukifuata vibati vilivyolala. Halafu pitisha maji ya mpira kutoka upande wa injini kuelekea mbele, yaani kinyume cha njia ya upepo. Aoshaye kutoka mbele huzidi kuzisukuma takataka ndani. Wadudu waliokauka walowanishwe kwa maji ya sabuni laini dakika kumi, kisha wasuuzwe. Dawa kali za kuoshea hula aluminiamu.

Mashine za kuoshea magari kwa nguvu zina faida yake, lakini si hapa. Maji yake hulaza vibati kama upepo ulazavyo mtama, na kibati kilicholala huziba njia kuliko vumbi. Usichokoe kwa bisibisi wala msumari: ukitoboa kondensa, gesi yote itatoka kwa nguvu, inaweza kugandisha ngozi na kuharibu macho, na kuijaza tena ni kazi ya fundi mwenye vyombo vyake. Kama utando wa katikati hautoki, mwambie fundi alegeze misumari ya juu ya rejeta ili aivute nyuma kidogo. Na ikiwa uchafu umechanganyika na oili, tafuta kwanza oili hiyo inavuja wapi.

Waendao katika mbuga za Narok nyasi zikiwa zimekomaa hufunga wavu mwembamba wa waya mbele ya rejeta. Ni akili njema, ila wavu nao hujaa, hivyo uukung'ute kila usimamapo, na uuondoe ufikapo barabara ya lami. Tazama pia chini ya gari, kwa kuwa nyasi kavu zilizonaswa karibu na bomba la moshi zaweza kushika moto.

Ukimaliza, rudisha waya wa betri, washa injini, na uiache mpaka feni ianze yenyewe. Baadaye jaribu gari kwenye mlima ule ule uliokusumbua. Mshale ukipanda tena kama zamani, huenda ziba hiyo haiko nje bali ni kutu na magadi ndani ya mirija, na hapo maji na brashi havina msaada.