Kibali cha ukaazi na pasipoti mpya

Kibali cha ukaazi ni hati inayotolewa na serikali ya nchi fulani ili kumruhusu mtu asiye raia kuishi humo kwa muda maalumu au bila kikomo. Pasipoti ni hati ya kusafiria inayotolewa na nchi ambayo mtu huyo ni raia wake. Kwa kuwa hati hizo hutolewa na serikali mbili tofauti, kila moja ina tarehe yake ya mwisho. Mara nyingi pasipoti huisha muda wake wakati kibali bado ni halali. Hapo msafiri hubaki na pasipoti mpya yenye namba mpya, pamoja na kibali kilichotolewa alipokuwa na pasipoti ya zamani.

Suala hilo linawahusu Watanzania wanaoishi ng'ambo na vilevile wageni wanaofanya kazi Tanzania. Asiyelielewa anaweza kuzuiwa kupanda ndege, na wakati mwingine kupoteza haki ya kuishi au kazi katika nchi aliyohamia.

Kazi ya kila hati

Pasipoti huthibitisha mambo mawili: mtu ni nani na ni raia wa nchi gani. Haimpi mtu haki ya kuingia nchi ya kigeni. Kibali cha ukaazi ndicho kinachompa mgeni haki ya kuingia na kukaa, lakini kwa kawaida hakitoshi peke yake kumvusha mpaka. Kwa sababu hiyo maofisa wa mpakani hutaka kuziona zote mbili.

Namna kibali kinavyounganishwa na pasipoti hutofautiana:

- Muhuri au stika ndani ya pasipoti. Pasipoti ikiisha, kibali hubaki katika kitabu cha zamani.
- Kadi au karatasi ya pekee. Baadhi huandikwa namba ya pasipoti, nyingine hazina.
- Kumbukumbu ya kielektroniki. Msafiri hana hati ya kushika mkononi; haki yake imo katika mfumo wa kompyuta, nayo hutafutwa kwa namba ya pasipoti.

Pasipoti mpya nchini Tanzania

Hali hii iliwakuta Watanzania wengi kwa wakati mmoja baada ya tarehe 31 Januari 2018, Rais John Magufuli alipozindua pasipoti ya kielektroniki ya Afrika Mashariki jijini Dar es Salaam. Pasipoti hiyo ina kitunza data chenye taarifa za mwenyewe, nayo ni sehemu ya mpango wa Uhamiaji Mtandao. Pasipoti za zamani zilipangiwa kuacha kutumika mwisho wa Januari 2020, hata zile ambazo muda wake ulikuwa haujaisha. Waliokuwa na viza au vibali vya nchi nyingine ndani ya vitabu vya zamani walilazimika kusafiri na pasipoti mbili.

Kenya ilianza kutoa pasipoti ya aina hiyo mwaka 2017, na tarehe ya mwisho ya kutumia zile za zamani ilisogezwa mbele mara kadhaa.

Pasipoti mpya inapotolewa, ile ya zamani hubatilishwa, kwa mfano kwa kukatwa kona au kutobolewa matundu. Kubatilishwa kwa kitabu hakufuti moja kwa moja viza au kibali cha nchi nyingine kilichomo. Ndiyo maana mwenye kibali hai hushauriwa kuomba arudishiwe kitabu cha zamani na kukitunza bila kuchana ukurasa wala kubandua stika.

Mfano wa Kagongwa na ukanda wa dhahabu

Kagongwa ni mji mdogo katika Manispaa ya Kahama, Mkoa wa Shinyanga, kando ya barabara kuu kati ya Isaka na Kahama. Unajulikana hasa kwa biashara ya mpunga na mchele. Barabara hiyo inaendelea hadi Rusumo, mpakani mwa Rwanda. Katika ukanda huo kuna migodi mikubwa ya dhahabu: Bulyanhulu, iliyoanza uzalishaji mwaka 2001, na Mgodi wa Geita, ulioanza mwaka 2000. Mgodi wa Buzwagi, karibu na mji wa Kahama, ulianza mwaka 2009 na uchimbaji wake umekwisha.

Mgeni anayeajiriwa katika migodi hiyo huhitaji hati mbili za Tanzania. Ya kwanza ni kibali cha kazi, kinachotolewa na Kamishna wa Kazi kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2015 ya kuratibu ajira za wageni. Ya pili ni kibali cha ukaazi, kinachotolewa na Idara ya Uhamiaji kwa mujibu wa Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 1995. Vibali vya ukaazi vina madaraja matatu: A kwa wawekezaji na waliojiajiri, B kwa walioajiriwa, na C kwa makundi mengine kama wanafunzi, watafiti na wamisionari. Fundi wa mgodini akibadilisha pasipoti katika ubalozi wa nchi yake, kibali chake cha daraja B hubaki na taarifa za pasipoti ya zamani. Hivyo anatakiwa kuijulisha Uhamiaji kabla ya kusafiri, badala ya kusubiri aulizwe anaporudi.

Kwa mwenyeji wa Kagongwa anayeishi ng'ambo na kurudi nyumbani kwa likizo, tatizo kubwa ni umbali. Balozi za nchi za kigeni ziko hasa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900 kwa barabara. Akigundua kasoro ya hati akiwa tayari uwanja wa ndege, anaweza kupoteza tiketi na siku za likizo. Kama kibali chake kina sharti la kurudi kabla ya tarehe fulani, anaweza kukipoteza pia. Kwa hiyo uhakiki wa hati hufaa ufanyike kabla ya kuondoka ng'ambo, au mara tu baada ya kupata pasipoti mpya.

Utaratibu katika nchi mbalimbali

Marekani: Kadi ya mkaazi wa kudumu, maarufu kama "green card", haina namba ya pasipoti, hivyo pasipoti mpya haiiathiri. Sheria ya Marekani haimlazimishi mkaazi wa kudumu kuonyesha pasipoti anaporudi, lakini nchi anazopitia na shirika la ndege huweza kuitaka. Mwenye viza iliyo katika pasipoti iliyoisha huruhusiwa kuitumia pamoja na pasipoti mpya ya nchi hiyohiyo, mradi viza ni hai na haijaharibika.

Uingereza: Kuanzia mwaka 2008 wageni walipewa kadi ya ukaazi yenye alama za vidole. Nyingi kati ya kadi hizo ziliandikwa kuisha tarehe 31 Desemba 2024, nchi ilipokuwa inahamia mfumo wa kielektroniki. Katika mfumo huo mtu anatakiwa kuingiza namba ya pasipoti mpya katika akaunti yake ya uhamiaji kabla ya safari. Asipofanya hivyo, shirika la ndege linaweza kushindwa kuiona haki yake.

Umoja wa Ulaya: Vibali hutolewa kwa kadi ya muundo mmoja iliyowekwa na kanuni ya mwaka 2002. Mwenye kadi ya nchi ya Schengen na pasipoti hai anaweza kutembelea nchi nyingine za Schengen kwa siku 90 katika kila kipindi cha siku 180. Pasipoti ikiwa imeisha, kadi peke yake haimpi ruhusa hiyo.

Nchi za Ghuba: Umoja wa Falme za Kiarabu uliacha kubandika stika za ukaazi katika pasipoti mwaka 2022, na kitambulisho cha mkaazi kikachukua nafasi yake. Nchini Saudi Arabia mwenye iqama aliyepata pasipoti mpya anatakiwa taarifa zake zihamishiwe katika mfumo wa idara ya pasipoti. Kwa kawaida mwajiri ndiye anayeshughulikia. Mfanyakazi anayeondoka kabla ya hilo kukamilika anaweza kukwama wakati wa kurudi.

Kwa nini shirika la ndege hukagua

Nchi nyingi hulitoza faini shirika la ndege linaloleta abiria asiye na hati sahihi, na kulitaka limrudishe alikotoka. Kwa hiyo wahudumu wa kaunta hulinganisha hati za abiria na hifadhidata ya masharti ya safari iitwayo Timatic. Mhudumu hana mamlaka ya kutoa kibali wala kukifuta, ila anaweza kukataa kumpandisha abiria. Abiria mwenye pasipoti zote mbili na kadi ya ukaazi humrahisishia kazi.

Tofauti za majina

Ugumu huongezeka pale majina yanapotofautiana. Maombi ya pasipoti ya kielektroniki ya Tanzania huambatana na kitambulisho cha taifa cha NIDA. Mtu ambaye pasipoti yake ya zamani ilikuwa na majina mawili anaweza kupata mpya yenye majina matatu. Wengine hubadili jina baada ya ndoa. Kibali kikiwa na jina tofauti, msafiri huhitaji cheti cha ndoa au hati ya kisheria ya kubadili jina. Suluhisho la kudumu ni kuomba kibali kirekebishwe.

Kibali kinapopotea

Kibali kikipotea safarini, mwenyewe hutoa taarifa polisi na kupata hati ya upotevu. Kisha huenda ubalozi wa nchi anayoishi kuomba kibali cha muda cha kurudi. Nakala za kibali, pasipoti ya zamani na pasipoti mpya, zikitunzwa mbali na hati zenyewe, husaidia kuthibitisha haki yake.