Kabla ya Kopo la Kwanza

Mpunga ukishavunwa hapa Bonde la Kilombero, fedha na kilabu hufuatana. Mkulima aliyeshinda shambani akiamia ndege anauza magunia yake mchana. Usiku huohuo ada ya mtoto inaishia kwenye komoni na bia za kuwanunulia wenzake. Asubuhi anasema, "Sijui nilipatwa na nini." Sisi tunaosoma falsafa hujibu haraka kwamba amekosa kiasi. Ni kweli, lakini sayansi ya ubongo inaongeza jambo.

Sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso ndiyo inayopima kesho na kusema "ngoja". Hukomaa polepole, hadi kwenye miaka 25 hivi (sisi wa umri huo tusijivune bado). Pombe huilegeza sehemu hiyo, na wakati huohuo huchochea dopamini, kemikali inayoufanya ubongo utamani tena kilichoupendeza. Mwaka 1990 wanasaikolojia wa Marekani, Claude Steele na Robert Josephs, walieleza kuwa pombe hufinya upeo wa akili: cha karibu hubaki wazi, cha mbali hufifia. Kicheko cha kilabuni kiko karibu, ada ya Januari iko mbali. Pikipiki iko mlangoni; ajali haionekani.

Mwenye huzuni naye hunywa, akapata nafuu kwa saa chache. Pombe inapoisha mwilini, unyonge na wasiwasi hurudi, mara nyingi vikiwa vimezidi. Ndipo anatafuta ya kuzimua.

Aristotle anataja sheria iliyomwadhibu maradufu aliyekosa akiwa amelewa, kwa sababu alikuwa na uwezo wa kutolewa. Tulipoisoma mara ya kwanza tuliiona katili. Sasa tunaona inapoelekeza kidole: kwa mtu aliye bado mzima wa akili, kabla ya kopo la kwanza. Huyo ndiye wa kuzungumza naye. Ada na ilipwe siku ileile mpunga unapouzwa, na pikipiki ibaki nyumbani.

Lakini yule ambaye mikono humtetemeka asubuhi asipoonja, tusimhimize aache ghafla peke yake. Ubongo wake umeshaizoea pombe, na kuikatiza ghafla kunaweza kumletea degedege, hata kifo. Huyo tumsindikize Hospitali ya Mtakatifu Fransisko hapa Ifakara, wala tusisubiri Jumapili.