Mshipi wa Kusuka

Juma lililopita mwenzetu mmoja alikuja na vidole vimefungwa kitambaa, hata hakuweza kushika kalamu. Mshipi wake mpya wa kuvulia ulimkata. Kwa hiyo leo tutasoma juu ya mshipi huo.

Ni mshipi wa kusuka. Utazame karibu na taa. Si uzi mmoja mnene kama wa nailoni, bali ni nyuzi nyembamba nyingi zilizosukwa pamoja, kama ukili wa mkeka. Zamani mishipi ya pamba ilibidi ianikwe isije ikaoza. Huu ni wa plastiki yenye nguvu nyingi, ulianza kuenea miaka ya 1990, nao hauozi kwa maji.

Fanya jaribio. Funga ncha ya mshipi wa nailoni kwenye mti, nenda hatua 20, kisha uvute. Utaona unarefuka. Sasa vuta wa kusuka. Haurefuki ila kidogo sana. Basi changu akigusa chambo chini, pima 15, nailoni hupoteza mguso ule njiani, lakini mshipi wa kusuka huuleta mpaka kidoleni.

Sifa hiyo haifai kwa kila samaki. Huko Marekani, katika maziwa, yuko samaki aitwaye crappie, mwenye ngozi nyembamba sana mdomoni. Akivutwa kwa nguvu na mshipi usiorefuka, ndoana humpasua, naye huenda zake. Changu wetu ana midomo minene.

Lakini mshipi mwembamba usiorefuka hukata kama kisu. Usiuzungushe mkononi hata mara moja! Vaa vidoleni vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli. Ndoana ikinasa mwambani, zungusha mshipi kwenye kipande cha mti, ndipo uvute.

Matumbawe nayo huukata upesi, uzi mmoja baada ya mwingine. Kwa hiyo upande wa ndoana weka nailoni, pima moja hivi, iliyo dhaifu kidogo kuliko mshipi wenyewe. Ikinasa, itakatika huko chini, nawe utapoteza ndoana tu. Mshipi wa kusuka ni ghali.

Unganisha hivyo viwili kwa pete ndogo ya shaba. Fundo la kawaida huteleza, maana mshipi huu ni laini mno. Kunja ncha ya mshipi iwe mbili, ipitishe katika pete, na ufunge fundo moja bila kulikaza. Kisha ipitishe pete yote ndani ya kitanzi kilichobaki, lowesha kwa mate, ukaze polepole. Baadaye funga nailoni upande wa pili.

Kabla ya somo lijalo, funga fundo hili mara 5 kwa kamba nene, kisha uandike hatua zake katika daftari, kila hatua mstari wake. Kwaherini.