Intaneti Haijafa, Pimeni Kwanza

Aghalabu somo la kompyuta katika shule zetu huahirishwa kwa kauli moja: "Intaneti imekufa." Nashikilia kuwa kauli hiyo hutolewa kwa pupa. Kompyuta huwasiliana kwa nambari. Majina tuyaandikayo hufasiriwa na seva ya majina, kwa utaratibu aliouasisi Paul Mockapetris mwaka 1983. Mfasiri akinyamaza, njia hudhaniwa imefungwa ilhali i wazi.

Kipimo ni chepesi. Mwanafunzi aiite nambari 8.8.8.8 kwa amri ya ping. Ikijibu, njia ni nzima. Yamkini kasoro i katika majina. Hapo ayakague mambo matatu. Mosi, je, seva ya shule inafanya kazi? Pili, kuna programu nyingine iliyounyakua mlango nambari 53, ambao maswali ya majina hupitia? Tatu, seva hiyo imeelekezwa kwa seva ya nje iliyo hai?

Kwa maabara ndogo, dnsmasq, programu ya bure ya Simon Kelley, yatosha. Kompyuta kuukuu huimudu, nayo huhifadhi majibu kwa muda ili swali lile lile lisitumwe nje kila mara.

Walimu wenzangu, kabla ya kuifunga maabara, mwacheni mwanafunzi apime. Uchunguzi huo nao ni somo.