Haibridi yako inatoa harufu ukikanyaga mafuta? Usiipuuze

Umetoka Tabora kwenda Singida, umefika Mlima Sekenke, unakanyaga mafuta na harufu ngeni inaingia ndani ya gari. Kwenye haibridi kama Toyota Prius au Aqua, hapo injini na mota ya umeme zinasukuma pamoja, na betri kubwa inapata joto.

Harufu inakupa dalili:

• Tamutamu: huenda kulanti inavuja. Usifungue rejeta ikiwa ya moto.
• Yai viza: angalia masega ya eksozi, au betri ndogo ya volti 12 inachajiwa kupita kiasi.
• Oili kuungua: inadondokea kwenye eksozi.
• Plastiki kuungua: huenda ni nyaya au betri kubwa. Simama, zima gari, shukeni wote na mkae mbali.

Kwa barabara zetu, adui mkubwa ni vumbi. Betri hupozwa na feni inayovuta hewa kupitia tundu lililo karibu na siti ya nyuma. Likizibwa na vumbi au mizigo, betri inachemka. Lisafishe mara kwa mara.

Ila nyaya za rangi ya chungwa usiguse. Umeme wake unaua. Mwachie fundi anayezijua haibridi.